BBC Micro katika Maabara ya Shule

Kompyuta hii, iliyobuniwa na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge, Uingereza, ilitoka mwishoni mwa mwaka 1981, na kwa kuwa serikali ilizichangia shule nusu ya bei, ilienea upesi madarasani, ingawa kumbukumbu yake, yaani nafasi ya kuhifadhia programu na data wakati wa kazi, ilikuwa kilobaiti 32 tu katika Modeli B.

Kwa walimu wa sayansi, hazina yake ilikuwa nyuma ya mashine, katika tundu la analojia, linalopokea volti zinazopanda na kushuka na kuzigeuza kuwa tarakimu. Mwanafunzi aliweza kuunganisha hapo thamista, kifaa ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kulingana na jotoridi, akakitumbukiza katika bika ya maji ya moto na kuandika mistari michache ya lugha ya BASIC, na grafu ya kupoa ikajichora papo hapo kwenye skrini, ikishuka kwa kasi mwanzoni, kisha ikilala kadiri maji yalivyokaribia jotoridi la chumba. Muda uliokuwa ukimezwa na kusoma kipimajoto na kuchora kwa penseli ulibaki kwa swali lenye uzito zaidi, la kwa nini mchoro una umbo hilo.

Katika hisabati ilitumika pia lugha ya Logo, ambayo Seymour Papert alikuwa miongoni mwa waasisi wake: mtoto aliyeamuru alama ya kasa isonge mbele na kugeuka nyuzi 72, mara 5, alipata pentagoni.