Virukanjia wa Kilimanjaro

Giza likiingia katika nyika iliyo chini ya Moshi, dereva anayeshika njia ya Same huwaona: ndege waliojilaza kifudifudi katikati ya barabara, macho yakiwaka mekundu mbele ya taa za gari. Hao ni virukanjia. Ndani ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, hata mbalamwezi hafifu ikatosha kumwinda nondo angani. Mdomo, ukifungwa, ni mdogo kama punje; ukifunguliwa hupasuka hadi chini ya macho, na nywele ngumu zimeuzunguka. Kiota hana. Hutaga yai moja au mawili juu ya udongo mtupu, kisha huyaatamia katika jua kali huku akipepesa ngozi ya koo apoe. Mchungaji hupita hatua mbili asimwone, kwa jinsi manyoya yalivyofanana na majani makavu.

Ukipanda hadi kwenye baridi juu ya mashamba ya migomba, mluzi wa usiku hubadilika. Huyo ni kirukanjia wa mlimani, ambaye ndugu zake wako kwenye nyanda za juu za Kenya na Ethiopia. Alivukaje joto la nyika lililo kati?

Reginald Moreau alilihangaikia swali hilo kwa ndege wote wa milimani. Alikuwa karani wa hesabu wa Kiingereza mjini Cairo, akapenda ndege katika jangwa la Misri, na mwaka 1928 akahamia Amani, Usambara. Huko alimtegemea sana Salimu Asmani, hodari wa kutafuta viota na kuvifuatilia, mtu anayestahili kutajwa kila Moreau anapotajwa. Mwaka 1935 Moreau alichapisha utafiti wake kuhusu ndege wa Kilimanjaro na Meru.

Jibu lake lilikomaa katika kitabu chake cha 1966. Katika enzi ya barafu, alisema, joto lilishuka nyuzi 5 hivi, na uoto wa mlimani ukateremka kutoka mita 1,500 hadi karibu 500. Moshi mjini, kwenye mita zaidi ya 800, pangekuwa mahali pa ndege wa baridi. Dunia ilipopata joto tena, wakapanda na kutenganishwa.

Watafiti waliofuata walimsahihisha: enzi hiyo ilikuwa kavu pia, na misitu haikuungana kila mahali. Kwa ndege wa msituni hoja hiyo ni nzito. Kwa kirukanjia, anayewinda penye uwazi, naona ukavu haukuwa kizuizi kikubwa kama joto.