Daraja la Kazi Ndilo Lililoficha Dhuluma

Wasikilizaji, wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Juma hili nawapeleka Dagenham, mashariki mwa London, kwenye kiwanda cha magari cha Ford, mwaka 1968.

Kiwandani humo walikuwamo kina mama walioshona vitambaa vya viti vya magari kwa cherehani. Kabla ya kuajiriwa iliwabidi wafaulu jaribio la kushona. Hata hivyo, kampuni ilipopanga upya madaraja ya kazi iliwaweka daraja B, la ujuzi mdogo, badala ya daraja C. Juu ya hayo, kwa kuwa ni wanawake, walilipwa asilimia 85 tu ya mshahara wa mwanamume wa daraja hilo hilo la B.

Tarehe 7 Juni 1968, mafundi 187 waliziacha cherehani zao na kutoka nje. Gari haliuzwi bila viti, na kazi ya kuunda magari ikasimama. Baada ya majuma matatu, waziri aliyeshughulikia ajira, Bibi Barbara Castle, aliwaita wakazungumza. Wakarudi kazini kwa asilimia 92. Mwaka 1970 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Malipo Sawa, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 1975.

Wengi huimalizia hadithi hapo. Mimi nasema bado. Kina mama wale walidai pia daraja C, na hilo halikupatikana mpaka mafundi wa cherehani walipogoma tena mwaka 1984. Asilimia huonekana; daraja hujificha. Mwajiri anaweza kuapa kwamba habagui mtu, kumbe kazi ya mwanamke ameipa jina dogo ili ailipe kidogo.

Ndiyo maana Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria za kazi za Tanzania ya 2004 na Kenya ya 2007 zinasema vivyo hivyo.

Basi dada unayepunjwa, usiishie kuulizia mshahara wa mwenzio. Uliza kazi yako imewekwa daraja gani, na kwa vipimo vipi. Kisha usiende peke yako. Nenda na wenzako, kwa kupitia chama cha wafanyakazi. Cherehani moja ikinyamaza, atatafutwa mshonaji mwingine. Zikinyamaza zote, hata waziri ataita kikao.