Mwendo na Mzigo: Mintarafu ya Umri wa Kumtia Farasi na Punda Kazini katika Miji ya Mlima Kenya

Imeenea siku hizi miongoni mwa wataalamu wa farasi hoja ambayo, kwa jinsi inavyopingana na fikira za wengi wetu, haikosi kumshughulisha msomaji: ya kwamba farasi aliyeanza kufundishwa mbio angali mchanga, hata kabla ya kutimiza miaka miwili, hadhuriki kwa kufundishwa huko bali hunufaika, kwa kuwa mifupa na kano zake hujengwa na kazi ilhali bado zinakua. Waliokusanya ushahidi wa hoja hii na kuitetea kwa ukamilifu ni Alyssa Logan na Brian Nielsen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, katika makala ya mwaka 2021 kwenye jarida la Animals. Lau ingalibaki katika viwanja vya mbio, nisingalikuwa na haja kubwa ya kuijadili. Walakini imetufikia huku mlimani, na katika soko la Karatina nimeisikia, kwa kinywa cha mtu mwenye elimu ya mifugo, ikimtetea mwenye mkokoteni aliyemfunga punda ambaye meno yake ya mbele yote yalikuwa ya utotoni. Dai langu ni kwamba ushahidi wa wataalamu hao wawili ni wa kweli, na kwa kuwa ni wa kweli haumfai mtu huyo hata kidogo, maana unaouthibitisha ni wema wa mwendo, wala haukutoa hukumu yoyote juu ya mzigo.

Kwamba mfupa hujipanga kwa kadiri ya nguvu inayouelemea ni jambo lililokubaliwa tangu Julius Wolff alipoliandika mwaka 1892, nami sina la kuongeza hapo. Ugomvi unaanzia kwenye hesabu za viwanjani. Zimekusanywa takwimu, hasa Australia na New Zealand, zinazoonyesha kwamba farasi walioanza mbio wakiwa na miaka miwili hudumu uwanjani muda mrefu kuliko waliocheleweshwa, na watetezi huzishika takwimu hizo kama burhani isiyojibika. Lakini ni nani huyo anayefika kwenye mstari wa kuanzia akiwa na miaka miwili? Ni yule aliyezaliwa na miguu mizuri, akapona katika mazoezi. Aliyepasuka mfupa miezi mitatu kabla ya mbio yake ya kwanza hayumo katika daftari la wakimbiaji, na aliyecheleweshwa aghalabu alicheleweshwa kwa sababu alikuwa na kasoro tangu hapo. Wapo watafiti waliojitahidi kulisawazisha jambo hili, nao nawapa haki yao. Hata hivyo, daftari la waliofaulu haliwezi kutumiwa kuwasemea waliotupwa njiani. Tena umri wenyewe ni wa karatasi, kwa kuwa katika nchi za kaskazini ya dunia farasi wote wa mbio huongezewa mwaka mmoja siku ya 1 Januari, hata mtoto aliyezaliwa mwezi wa Mei akaitwa wa miaka miwili ilhali ana miezi ishirini tu.

Tuziache hesabu hizo, tutazame jaribio ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, nalo ni la Logan mwenyewe na wenzake, lililotangazwa mwaka 2019. Walichukua ndama badala ya watoto wa farasi, wakawafungia, kisha wakawakimbiza mita 71 kwa kila mbio: kundi moja mara moja kwa juma, la pili mara tatu, la tatu mara tano, kwa muda wa majuma sita, na kundi jingine halikukimbizwa kabisa. Ilipopimwa mifupa ya miguu, ilionekana kwamba hata ya wale waliokimbia mara moja tu kwa juma ilihitaji nguvu iliyozidi kwa asilimia 20 na zaidi ndipo ivunjike, ikilinganishwa na ya wale waliokaa. Msomaji na apige hesabu: mita 71 kwa majuma sita ni mita 426, yaani mnyama yule hakutimiza hata nusu kilomita, na mfupa wake ukawa umekwisha kupata faida yake. Fauka ya hayo, Nielsen na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1997 kwamba farasi wachanga walipotolewa malishoni, wakafungiwa vibandani na kuanzishiwa mazoezi ya polepole, madini ya mfupa wa muundi yalipungua kwa muda wa miezi miwili hivi. Naye David Nunamaker wa Pennsylvania alifikia natija iliyo karibu na hiyo, ya kwamba maumivu ya muundi yanayowapata farasi wengi wachanga hupungua wakikimbizwa kwa kasi masafa mafupi, si wakichoshwa kwa mwendo mrefu. Ushahidi huu wote unaelekeza upande mmoja: mfupa mchanga hutaka mshtuko mfupi wa kasi, kisha mapumziko, na uhuru wa kwenda upendako malishoni. Saa nyingi za kazi ya aina moja, siku baada ya siku, hazimo katika dawa hiyo.

Historia ya mbio za Kenya, zilizoanza mwaka 1904 chini ya East African Turf Club na ambazo tangu 1954 zina makao yake uwanja wa Ngong, inatupa mfano wa upande wa pili. Beryl Markham, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudia kazi ya kufundisha farasi hapa kwetu Naro Moru, amesimulia katika kitabu chake West with the Night, cha mwaka 1942, habari za farasi jike aitwaye Wise Child, aliyemfikia akiwa kano za miguu ya mbele zimekwisha kuharibiwa na mafunzo ya mkono mwingine. Alimlea kwa subira, akamwingiza katika mbio za St Leger za mwaka 1926, ambazo kwa desturi ni za farasi wa miaka mitatu, naye akashinda. Wengi husoma kisa hicho kama sifa ya ushujaa wa mnyama. Mimi nakisoma kama ushahidi kwamba mwalimu hodari aliweza kumpatia mnyama ushindi, lakini hakuweza kumrudishia kano. Na huyo alikuwa farasi wa thamani, mwenye tabibu na malisho na bandeji, seuze punda wa maji.

Punda huyo ndiye ninayemhofia. Mtu asiyejua umri wake na amfunue mdomo: meno ya utotoni ni madogo, meupe, yamebanwa shingoni karibu na ufizi, ya ukubwani ni mapana, yana rangi ya manjano na mfereji mbele yake. Jozi ya kati hubadilika karibu na miaka miwili na nusu, ya pili mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu, na punda aghalabu huchelewa kidogo kuliko farasi. Mfupa ulio juu ya goti la mbele hukomea kukua baada ya miaka miwili na zaidi, na uti wa mgongo hauishi kukua hadi miaka mitano hivi. Kwa hiyo mnyama aliyefungwa mkokoteni wenye mitungi kumi ya lita 20, ambayo ni kilo 200 kabla ya kuupima mkokoteni wenyewe, akipandishwa kilima cha murramu na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye gurudumu kuukuu ukimkaza shingoni, anavuta kwa mgongo ambao bado haujafunga. Kabla ya jua kupanda amekwisha kupita mita 426 mara kadha wa kadha.

Nina dhana, wala sisemi ni yakini, kwamba hali hii imezidi kwa sababu ya biashara ya ngozi. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Naivasha, Mogotio, Lodwar na Machakos. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, na ile ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Punda jike huchukua mimba mwaka mzima, huzaa mmoja. Wakubwa wakipungua sokoni na kazi ya Mwea ya kubeba mpunga isipungue, ni nani atakayeingia kwenye mikono ya mkokoteni isipokuwa mtoto?

Wenye punda wana jibu lao, nalo halidharauliki. Kijana mmoja aliniambia: “Mwalimu, huyu ndiye anayelipa karo ya wadogo zangu, akisimama mwaka mzima, nitamfunga nani?” Sina haki ya kumhubiria mtu wa namna hiyo juu ya huruma. Lakini punda aliyetunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini na mitano, na anayevunjika mgongo akiwa na mitano humwachia mwenyewe deni la kununua mwingine katika soko ambalo bei imepanda. Mwaka mmoja wa kungoja ni hasara ndogo kuliko hiyo. Wala kungoja si kumfungia: mtoto na afuate mama yake bila mzigo, akimbie anapotaka, naye atakuwa anapata hayo hayo ambayo Logan na Nielsen wameyathibitisha.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi na kumtumikisha asiyefaa kazi kwa hali ya mwili wake, jambo ambalo askari wa barabarani hubishana nalo bila kipimo. Huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013, basi kaunti za Nyeri na Kirinyaga zina uwezo wa kuweka kipimo kisichohitaji hati ya kuzaliwa wala mtaalamu: asifungwe mkokoteni punda ambaye jozi ya pili ya meno ya mbele haijatoka, na mdomo ukaguliwe sokoni pale pale mnyama anapouzwa. Kwa farasi wa Ngong naenda mbali kidogo kuliko ushahidi ulivyonifikisha, nikishauri kwamba mbio za wachanga ziruhusiwe kwa miezi halisi ya kila mmoja, si kwa siku ya kalenda. Na mpaka atokee mtafiti wa kuwafanyia watoto wa punda wa Kiganjo au wa Mwea jaribio mfano wa lile la ndama, akilinganisha wanaokimbia huru na wanaovuta, sioni kwamba anayetetea mkokoteni wa mtoto ana haki ya kulitaja jina la Michigan.