Walikwenda Kule, Wakarudi Huku: Kumbukumbu za Barabara ya Arua–Koboko na Hoja ya Lami

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92. Huanzia mpaka wa Kongo, hupita Arua mjini, huelekea kaskazini kupitia Maracha na Koboko, na kukomea Oraba, mkabala na Kaya ya Sudan Kusini. Ilitiwa lami katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia, na mkandarasi alikuwa kampuni ya Kichina ya CICO. Tangu hapo, maandiko mengi yanayoigusa hufuata mpangilio mmoja: zamani West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilikuwa imetengwa, njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, kisha lami ikaja na eneo likaunganishwa na ulimwengu. Makala hii inaupinga mpangilio huo. Lami imeleta faida, na asiyeamini amuulize aliyewahi kumbeba mgonjwa kutoka Koboko hadi Arua kwenye tope. Ninachokataa ni dai kwamba lami ndiyo inayoigawa historia ya barabara hii katika vichwa vya watu walioishi kando yake.

Nilianza kulitilia shaka dai hilo nikiwa Oli, upande wa Arua ambako Waislamu, Wanubi, Wakakwa na Waaringa wamejenga pamoja kwa vizazi kadhaa, na ambako Kiswahili na Kinubi vinasikika barazani kama Kilugbara. Swali langu lilikuwa jepesi: barabara hii ilibadilika lini? Nilitarajia kutajiwa mwaka wa lami. Mzee wa kwanza niliyemuuliza alinyoosha bakora kuelekea Koboko, akasema walikwenda kule. Akaigeuza bakora kuelekea mjini, akasema wakarudi huku. Akanyamaza. Lami hakuitaja, ingawa kiti chake kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mtaro wa zege. Nilidhani hakunielewa, nikaliuliza swali lile lile kwa wengine, wazee kwa akina mama, na majibu yakaja kwa sura ile ile: watu walielekea wapi, na walipita na nini mikononi. Ilinichukua muda kukubali kwamba swali lilikuwa limeeleweka vizuri sana.

Hoja yangu basi ni hii: wakazi wa Arua na Koboko wanaikumbuka barabara yao kwa mwelekeo. Mhandisi huuliza juu yake kuna nini, changarawe au lami. Mkazi hukumbuka mwaka fulani watu na mali vilikuwa vinakwenda upande gani. Huwezi kusahihisha kumbukumbu ya namna ya pili kwa vipimo vya namna ya kwanza.

Kuhusu mwanzo wa mji watafiti hawabishani sana. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, aliyopewa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Baada ya kifo chake mwaka 1909 likawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda, A. E. Weatherhead akaweka boma lake Arua. Maelezo yaliyozoeleka ya jina la mji yanalihusisha na neno la Kilugbara la jela. Yatosha kukumbuka kwamba kwa wengi njia ya kwanza kwenda Arua ilikuwa njia ya kwenda kufungwa, kulipa kodi au kuandikishwa kazi. Vijana walishuka kuelekea mto Nile, wakapanda meli, wakaishia kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, au katika KAR, jeshi la kikoloni. Ndiyo maana mji una Barabara ya Rhino Camp, jina ambalo kijana wa leo hulihusisha na makambi ya wakimbizi, lakini babu yake alilijua kuwa bandari. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, safari za kusini zilihamia huko, na njia ya mtoni ikapoteza cheo chake bila mtu yeyote kuibomoa.

Ubishi unaanza tukifika miaka ya karibu. Kitabu cha Mark Leopold, Inside West Nile, kilichotoka mwaka 2005, ndicho kazi ya historia inayotajwa zaidi kuhusu eneo hili, na kina ujasiri ninaouheshimu: kinaisimulia historia kinyumenyume, kuanzia Arua ya miaka ya 1990 hadi siku za Emin Pasha, gavana wa karne ya 19. Ni namna iliyo karibu zaidi na mzee wa Oli kuliko taarifa yoyote ya mradi. Lakini Leopold anaitazama West Nile kupitia vurugu, na jinsi watu wa nje walivyoipa sifa ya vurugu. Aliyekaa kando ya barabara atakwambia kwamba watu wale wale waliokimbia walikuwa pia wakibeba, wakiuza na wakibadilisha fedha. Barbara Harrell-Bond naye, katika Imposing Aid ya mwaka 1986, aliwafuata Waganda waliokimbilia wilaya ya Yei, huko Sudan, na kazi yake haina mshindani kuhusu maisha ya ukimbizini. Lakini barabara yenyewe, ile iliyowapeleka na kuwarudisha, haikuwa mada yake.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni mafuta. Nitakaa nao kidogo, maana bila mafuta hoja hii haisimami.

Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, jeshi la Tanzania lilifika West Nile na kuukamilisha ushindi kwenye mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Mwezi Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua. UNLA, jeshi la serikali, likalipiza kisasi kwa raia, na malaki wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 waliojihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, kilomita chache kaskazini mwa Arua, waliuawa humo humo. Hii ndiyo maana ya bakora iliyonyooshwa kuelekea Koboko: 1980 barabara ilikwenda kule. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ikaanza kurudi huku, na waliorudi walikuja na ujuzi wa mpaka. Kati yao walikuwemo vijana wauza mafuta ya magendo walioitwa Opec.

Kristof Titeca, aliyewachunguza kwa karibu, ameeleza jinsi kundi hilo lilivyokita mizizi kwenye maisha ya ukimbizini na baadaye likawa nguvu ya kuhesabiwa mjini Arua, hata wanasiasa wakawaendea. Kila aliyepita Arua miaka ile anaikumbuka meza ya Opec: ubao mwembamba juu ya mawe, chupa za lita moja zimepangwa zikiwa na rangi ya chai, faneli iliyokatwa kutoka kwenye chupa ya plastiki, kitambaa cha kuchujia kilichokolea weusi, na nyuma, kivulini, jerikeni za njano za lita 20. Mwenye pikipiki hakuzima hata injini. Chupa ilimiminwa, noti ikapokelewa, chupa ikarudishwa mezani mdomo ukiwa chini.

Mafuta hayo yalikuwa yamevuka mpaka wa Kongo mara mbili. Yaliingia Uganda kutoka Kenya ndani ya malori ya tangi, yakiwa na hati za kwenda Kongo, kwa hiyo ushuru wa Uganda haukulipwa. Yakavuka mpaka kihalali. Kisha yakarudi Arua ndani ya jerikeni, juu ya baiskeli, kwa njia za panya, na kuuzwa kwa bei ambayo kituo cha kawaida hakikuiweza. Tangi lilikwenda, jerikeni ikarudi. Anayehesabu magari kwa siku atahesabu tangi tu. Baiskeli ya usiku haimo kwenye hesabu yake, wala faida iliyolisha kaya za Oli. Ndipo nilipoelewa kwa nini waliojibu walitaja mwelekeo: kwenye barabara hii thamani ya kitu ilitokana na upande kilikotoka.

Haya hayakuanza na Opec. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni Kampala kumshutumu Amin juu ya dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo, mali iliyohusishwa na waasi wa huko. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, waliogawiwa maduka yao waliitwa mafuta mingi, na biashara iliyofuata ikaitwa magendo, maneno mawili ya Kiswahili ambayo Uganda nzima iliyashika, hata wasiojua Kiswahili. Ukitazama kutoka Kampala, West Nile ilikuwa mbali. Ukitazama kutoka sokoni Ariwara, upande wa Kongo, au kutoka Yei, Arua ilikuwa katikati. Neno kutengwa lina maana pale tu linapotaja limetengwa na nani.

Kuna pingamizi la haki kwamba niliuliza kwa Kiswahili, na Kiswahili cha Arua ni lugha ya soko, kambi ya jeshi na mpaka. Huenda swali kama lile, likiulizwa kwa Kilugbara kwa mama wa Maracha anayelima tumbaku, lingezaa jibu la ardhi na miti iliyokatwa. Nalikubali pingamizi hilo, na natamani mtu aliulize swali hilo kwa Kilugbara. Lakini mama huyo naye alikimbia, na nashuku kwamba ardhi yake ataihesabu kuanzia siku aliyoikuta imeota msitu aliporudi.

Pingamizi la pili ni kwamba vijana hutaja lami. Ni kweli. Dereva wa boda wa Koboko aliyezaliwa baada ya waasi wa WNBF wa Juma Oris kutoweka hana cha kukumbuka kuhusu mabomu ya ardhini, na kwake barabara ilianza na greda. Hata hivyo, sikiliza anachokisimulia kuhusu lami: mwendo kasi, wenzake waliogongwa, mizigo ya Juba iliyoongezeka, kisha Julai 2016. Mwezi huo vita vilizuka tena Juba, na barabara ikajaa watu wanaotoka kaskazini. Agosti kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa Yumbe. Nilichokishika katika simulizi za vijana kuhusu mwaka huo ni kauli moja inayojirudia, kwamba safari hii waliokuja ni wao. Wazazi wao walipokelewa Yei, na sasa wa Yei walikuwa wanapokelewa Koboko. Hata mtoto wa lami, akifika kwenye jambo zito, anarudi kwenye mwelekeo.

Lami yenyewe imefanya jambo ambalo taarifa za miradi hazilisemi: imegeuza uso wa mji. Njia ya Pakwach na Nebbi ilipopata lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya Koboko ikafuata, biashara iliyokuwa ikitazama magharibi na kaskazini ilianza kutazama Kampala. Mitaro na hifadhi ya barabara viliisogeza nyuma meza ya kando ya njia, na aliyeuza kwa kunyoosha mkono sasa anauza kwa kuvuka kalvati. Arua ikawa jiji Julai 2020. UNRA, mamlaka iliyosimamia barabara kuu za nchi tangu 2008, imevunjwa na kazi zake zimerudishwa wizarani. Siamini kwamba mafaili yake yatadumu kuliko bakora ya mzee wa Oli.

Sasa ni zamu ya barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, nayo kwa fedha za Benki ya Dunia. Nathubutu kutabiri, hata kama ushahidi wangu unatoka Arua na Koboko tu, kwamba miaka 20 ijayo mkazi wa Yumbe akiulizwa barabara yake ilibadilika lini hatautaja mwaka wa lami. Atataja malori ya 2016 yaliyopita na magodoro, sufuria na watoto, na kwanza kabisa atanyoosha mkono kuonyesha yalikotokea.