Kiswahili kingali mgeni katika Bunge la Arusha

Miaka michache iliyopita nilikuwa Busia, upande wa Kenya, nikisubiri matatu ya kurudi Kisumu. Nilikuwa na tasnifu ya mwanafunzi mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa ameketi karibu nami, mabeseni yake ya plastiki kutoka Uganda yakiwa yamerundikwa mbele yetu. Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa." Akanipa karatasi. Ilikuwa cheti cha asili ya bidhaa, kile kilichorahisishwa kwa ajili ya wachuuzi wa mpakani ambao mzigo wao hauzidi thamani ya dola 2,000. Kilikuwa cha Kiingereza mwanzo mwisho. Nikamsomea, nikamfafanulia.

"Hapo ndipo sielewi," akasema. "Nimeambiwa nikiwa na hiki cheti hakuna ushuru. Mbona basi nimelipishwa ushuru?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilijua kwamba kilichosamehewa ni ushuru wa forodha, na kwamba VAT iko palepale. Lakini kwa Kiswahili chetu cha Kenya zote mbili ni ushuru. Aliyemwambia "hakuna ushuru" hakumdanganya, na yeye aliyelalamika hakukosea.

Humkumbuka mama huyo kila nisikiapo wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki (EALA) wakijadili suala la lugha. Aghalabu mjadala huo huwa wa heshima na hadhi: je, Kiswahili kistahili kuketi meza moja na Kiingereza na Kifaransa? Wanaounga mkono hutaja idadi ya wasemaji, hutaja Siku ya Kiswahili Duniani, hutaja fahari ya Mwafrika. Mimi sina ugomvi na fahari. Lakini historia ya mabunge yetu inanifundisha kuuliza swali jingine, la kikarani zaidi: sheria yenyewe itaandikwa kwa lugha gani?

Tuanze mbali kidogo. Mnamo 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Januari 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Hebu zingatia tarehe hiyo. Afrika Mashariki ilikuwa na kamati ya pamoja ya Kiswahili miaka 18 kabla ya kuwa na bunge la pamoja. Baraza la kutunga sheria la kanda, lililokuwa chini ya magavana wa kikoloni, liliundwa mwaka 1948 na makao yake yakawa Nairobi. Lilitunga sheria za mambo kama reli, posta na forodha, na kazi yake ilifanywa kwa Kiingereza. Kwa hivyo wakoloni walituachia mgawanyo wa kazi: Kiswahili kiandike vitabu vya shule, Kiingereza kiandike sheria.

Tulipojitawala, mgawanyo huo tukauhifadhi kama urithi wa babu. Tanganyika ilijaribu kuuvunja mapema. Desemba 10, 1962, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, na tangu miaka hiyo Kiswahili kikawa ndicho cha mijadala. Hata hivyo Jumuiya ya kwanza, iliyozaliwa kwa Mkataba wa Kampala wa 1967, iliendesha shughuli zake kwa Kiingereza, ingawa makao yake yalikuwa Arusha, katika nchi ambayo Bunge lake lilikuwa tayari linazungumza Kiswahili. Ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu zisizohusiana na lugha, nami sitaki kuzirudia hapa.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Kenya. Katiba ya uhuru ilimtaka anayegombea ubunge ajue Kiingereza cha kutosha kushiriki mijadala. Nilikuwa mvulana wa shule ya msingi Julai 1974, Mzee Jomo Kenyatta alipoamuru Kiswahili kiwe lugha ya Bunge. Baba, ambaye Kiingereza chake kilikoma kwenye majina ya mbolea, alileta redio yake ya betri mezani jioni ili tusikilize taarifa za Bunge. Kwa mara ya kwanza hakuniomba nimtafsirie. Naweza kusema siku hiyo nilipoteza kazi.

Ila furaha ya Baba ilificha kasoro ambayo sikuiona hadi nilipokuwa mtafiti na kuzisoma kumbukumbu rasmi za Bunge za kipindi kile. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge alisimama na karatasi ya Kiingereza mkononi, akatakiwa kuijadili kwa Kiswahili. Kila alipofika kwenye kifungu chenyewe, pale ambapo neno moja hubadilisha haki ya mtu, alilazimika kukitafsiri papo hapo, na mwenzake wa upande wa pili angeweza kukitafsiri vingine. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa tena na kuutambua waziwazi mgawanyo huo: miswada na masuala ya fedha kwa Kiingereza, mazungumzo kwa Kiswahili. Kufikia 1979 wabunge waliruhusiwa kutumia lugha yoyote kati ya hizo mbili. Matokeo twayajua. Hata baada ya Katiba ya 2010 kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi, tena lugha ya Bunge, ni sheria ngapi umewahi kuzisoma kwa Kiswahili, ewe msomaji?

Tanzania nayo isijipige kifua sana. Iliongea Kiswahili bungeni kwa takriban miaka 60 kabla ya marekebisho ya sheria ya 2021 kukifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapo katikati wakili alisoma sheria kwa Kiingereza, akamweleza mteja wake kwa Kiswahili, na hukumu ikarudi kwa Kiingereza.

Sasa turudi Arusha. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Novemba 30, 1999, na EALA ikazinduliwa miaka miwili baadaye. Kifungu cha 137 kiliifanya lugha ya Kiingereza kuwa rasmi, na Kiswahili kikaahidiwa kukuzwa kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Kifungu cha 46 kikaiwekea Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki Kiingereza vilevile. Neno "kukuzwa" limekuwa kichaka kizuri cha kujifichia. Mtoto anayekuzwa hakabidhiwi ufunguo wa nyumba.

Wabunge, kwa haki yao, hawakunyamaza. Agosti 2016 walipitisha azimio la kuwataka wakuu wa nchi wairekebishe hali hiyo ili Kiswahili kiwe lugha rasmi. Februari 2021 wakuu hao walielekeza kwamba Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili vyote viwe rasmi. Kuelekeza ni jambo moja. Kurekebisha Mkataba kunahitaji nchi zote wanachama zikubaliane, na nchi zenyewe zimeongezeka: Rwanda na Burundi mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022, Somalia baadaye. Kila moja hupeleka wabunge tisa, na sifa za kuchaguliwa hazitaji lugha. Mbunge anayetoka Lubumbashi au Goma huenda akafurahia Kiswahili. Anayetoka Kinshasa, aliyelelewa kwa Kilingala na kusomeshwa kwa Kifaransa, Kiswahili chetu hakimwondolei shida yoyote. Tusijidanganye hapo.

Wanaopinga husema gharama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika Jumuiya ambayo michango ya wanachama huchelewa kila mara. Wengine hutaja Ulaya, ati kule lugha 24 ni rasmi na mambo yanaenda. Mimi nawakumbusha kisa cha Ireland. Kiayalandi kilipewa hadhi ya lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2007, lakini sehemu kubwa ya sheria ikasamehewa kutafsiriwa kwa kuwa wanasheria wenye ujuzi wa lugha hiyo hawakutosha. Msamaha huo ulidumu hadi mwisho wa 2021. Hadhi ilitangulia, watu wa kuifanyia kazi wakafuata baada ya karibu miaka 15. Lakini Ulaya ina desturi ambayo Nairobi ya 1974 haikuwa nayo: sheria ikishaandikwa kwa lugha rasmi, nakala hiyo ina nguvu sawa na nyingine zote. Hakuna iliyo mama na nyingine mtoto.

Hilo ndilo ningewataka wabunge wetu walipiganie. Wakikubali Kiswahili kiwe cha hotuba huku sheria ikibaki ya Kiingereza, watakuwa wamerudia kosa la 1974 kwa gharama ya wakalimani. Heri wazungumze Kiingereza mwaka mzima, lakini waache nyuma yao sheria moja yenye nakala ya Kiswahili inayoweza kuwasilishwa mahakamani. Ningeanza na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004, kwa sababu ndiyo inayomgusa mchuuzi wa Busia, Namanga na Gatuna kila siku ya soko.

Kazi hiyo si rahisi, na walimu wa Kiswahili tusijifanye kwamba tumeshaimaliza. Tume ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, italazimika kwanza kutupatanisha sisi wenyewe. Tanzania husema "muswada", Kenya tunaandika "mswada". Hilo ni dogo. Lakini Tanzania ina Kodi ya Ongezeko la Thamani, na magazeti ya Kenya huiita kodi hiyo hiyo ushuru. Kwao ushuru wa forodha ni aina moja ya tozo. Kwetu hata mamlaka inayokusanya mapato yote ya serikali huitwa ya ushuru, na ukimwambia Mkenya alipe kodi huenda akafikiria mwenye nyumba. Ukifika Bukavu au Bujumbura utasikia "leta", na usipoambiwa kwamba ni serikali, lililotokana na Kifaransa, utadhani unaombwa kitu. Sheria haivumilii utata wa namna hiyo. Yule mama aliyekuwa na mabeseni alilipishwa kihalali, kwa neno aliloambiwa halipo.

Niliwahi kukipeleka kisa chake kwenye warsha ya istilahi, nikidhani kingetusaidia kuamua baina ya kodi na ushuru. Wenzangu wa Dar es Salaam hawakubanduka, nasi wa Nairobi hatukubanduka. Tulitoka saa kumi na moja jioni, maneno yote mawili yakiwa bado ubaoni, na alama ya kuuliza katikati.