Kushuhudia mtu akitua mwezini

Wazee wengi husema "tulishuhudia mtu akitua mwezini," na wapo wanaowasahihisha: Tanzania Bara ya 1969 haikuwa na televisheni, kwa hiyo semeni "tulisikia." Naona wazee wana haki. Eagle, chombo kilichowabeba wanaanga Armstrong na Aldrin, ilipotua, saa 5:17 usiku wa Julai 20 kwa saa za Afrika Mashariki, hakuna aliyekuwa duniani aliyeiona ikitua, hata Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari. Kulikuwa na sauti tu: Aldrin akitaja kimo na mwendo, kisha Armstrong akitangaza kwamba wamefika. Filamu ya kutua ilirudi nao baadaye. Picha za moja kwa moja zilianza saa kadhaa mbele, Armstrong akishuka ngazi, na mwanzoni zilionekana juu chini. 

Atauliza mtu: kama ni hivyo, msikiaji wa taarifa ya jana naye ni shahidi? Hapana. Kushuhudia kunadai uwepo wakati jambo linatendeka, kabla mwisho wake haujajulikana. Aliyetega sikio redioni usiku ule, asijue kama watu wale watatua salama, alikuwepo.