Kina Mama Waliotutungia Nyimbo

Jubilei ni wakati wa kushukuru. Leo tuwashukuru pia watunzi ambao majina yao hayatajwi.

Tuanze na "Ndiyo Dhamana", utenzi ambao hata watoto wa Shule ya Jumapili wanaujua. Wengi tumesikia kwamba maneno yake ni ya Fanny Crosby, mama kipofu wa Marekani. Lakini maneno hayakutangulia. Mwaka 1873 rafiki yake, Phoebe Knapp, alitunga mahadhi, akampigia Fanny ayasikilize, ndipo maneno yakaja. Tunamsifu Fanny, na Phoebe tunamsahau.

Huko Ujerumani, Fanny Mendelssohn alitunga kazi zaidi ya 400. Jamaa zake hawakupenda mwanamke achapishe muziki, hivyo nyimbo zake sita zilitoka kwa jina la ndugu yake, Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza alimwimbia Felix wimbo alioupenda katika kitabu chake, na Felix akakiri kwamba ulikuwa wa dada yake. Fanny alichapisha kitabu cha kwanza kwa jina lake mwaka 1846. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 41.

Karibu na kwetu, nchini Ethiopia, alikuwako mtawa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Alitunga muziki wa piano, na mapato ya rekodi yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1967, yakawasaidia yatima. Wengi duniani walimsikia tu baada ya muziki wake kutolewa tena mwaka 2006, yeye akiwa amepita miaka 80.

Na hapa Kilifi? Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipita vijiji vya Wagiriama akiwakusanya watu kwa kifudu, ngoma ya matanga. Jina la Mekatilili tunalienzi. Kina mama waliotunga nyimbo za kifudu hatuwataji.

Kwaya yetu nayo ina deni. Katika daftari letu, nyimbo nyingi za Kigiriama zimeandikwa juu yake neno moja tu: "asili". Lakini wimbo hauokotwi ufuoni. Baadhi ya nyimbo hizo zilianzishwa na kina mama wa sauti ya kwanza, waliokuja mazoezini wakitoka moja kwa moja shambani. Hawakujua kuandika solfa. Aliyewaandikia ndiye jina lake lilibaki. Wengine wametangulia mbele za haki. Wengine wako nasi leo, katika viti vya mbele.

Baada ya ibada, daftari jipya litakuwa mezani karibu na mlango. Ukimkumbuka mama aliyeanzisha wimbo, andika jina lake. Na kama ni wewe mama, usione haya: sema, tutakuandikia.